Tupeane uzoefu: siku mbili za Nairobi, ulikula nini, na nani, na ulirudi na wazo gani?

Mwanzisha mada, Mombasa

Ndugu zangu, nimetoka Nairobi wiki tatu zilizopita na bado sijaacha kuifikiria safari ile. Nilikwenda na mashoga zangu wawili niliosoma nao shule ya upili, tukalala huko siku mbili tu, na shughuli yetu kubwa ilikuwa kula, kutembea na kuzungumza. Naomba kila aliyewahi kufanya safari fupi ya namna hiyo asimulie yake.

Nianze na yangu. Mimi ni mpishi, nina kibanda cha chakula Likoni, na siku tulipopanda treni ya asubuhi pale Miritini nilikuwa nimekwisha kuwaambia watoto kwamba mwisho wa mwezi nakifunga. Nilikuwa nikipika vyakula vya aina kumi na moja kila siku, nusu yake vikilala, na deni la unga na mafuta likizidi kupanda. Sikuwa nimemweleza mtu mwingine yeyote. Tulipofika Tsavo, wenzangu walikuwa dirishani wakiwatazama ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi, nami nikajikuta nalia. Hapo ndipo walipojua.

Jioni mwenyeji wetu alitupeleka Kariokor kula nyama choma. Jina la soko hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwenyeji alitusimulia habari hiyo huku tukisubiri mbavu za mbuzi ziive. Nyama inapimwa ikiwa mbichi, kisha inarudi mezani juu ya ubao, mafuta yakiwa bado yanachemka, na mchomaji anaikatakata mbele yenu na kuacha kichungu kidogo cha chumvi pembeni. Tulikula kwa ugali na kachumbari, hakuna aliyegusa simu yake.

Lakini kilichonibadilisha nilikiona asubuhi iliyofuata, kando ya barabara pale Ngara. Mama mmoja alikuwa na jiko moja, chuma kimoja cha chapati na sufuria kubwa ya maharagwe. Wenyeji huita mlo huo chapo madondo. Kila donge la unga alikuwa amelisukuma, akalipaka mafuta, akalikunja kama kamba, akalizungusha kama konokono na kulifunika kwa kitambaa kibichi, kwa hiyo mteja alipofika kazi iliyobaki ilikuwa kusukuma mara moja na kuchoma. Ilipofika saa nne alikuwa anakunja meza. Nilimwuliza kwa nini haongezi pilau au viazi, akanijibu kwamba mteja wa asubuhi hana muda wa kungoja, na jiko lake ni moja.

Mchana tulikwenda Eastleigh, tukala wali kwa nyama ya mbuzi pamoja na ndizi mbivu, kama Wasomali wanavyopenda, kisha tukanywa chai ya maziwa ya ngamia. Shoga yangu mmoja ni karani wa hesabu. Aligeuza risiti ya chakula, akaniomba nimtajie kila ninachopika, bei yake na kinachobaki jioni, akaandika mpaka karatasi ikajaa. Ilionekana wazi kwamba mahamri na mbaazi peke yake ndivyo vilivyokuwa vikivilisha vyakula vingine tisa. Nimefanya biashara hii miaka saba na sikuwahi kuliona jambo hilo. Karibuni, nasubiri zenu.

Mchangiaji wa kwanza, Nakuru

Dada, asante kwa kufungua mada hii. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na rafiki yangu wa utotoni anayeishi Nairobi alinialika kwa siku moja na nusu. Baada ya kunywa chai kwa mandazi katikati ya jiji, alinipeleka Maktaba ya McMillan, jengo lililofunguliwa mwaka 1931 karibu na Msikiti wa Jamia, ambalo lina sanamu za simba mlangoni na ambalo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Tulikaa humo saa tatu, kila mtu na kitabu chake. Niliporudi shuleni niliomba chumba kilichokuwa na madawati mabovu, nikakisafisha pamoja na wanafunzi, na sasa tuna rafu mbili na zamu ya kusoma kila Ijumaa. Swali langu kwako: mbaazi zako unazipikaje hata zikatosha kubeba biashara nzima?

Mchangiaji wa pili, Kisumu

Yangu haikuwa nzuri mwanzoni, na ninaieleza ili wengine wajihadhari. Tulichagua malazi ya bei nafuu mbali sana na mjini, tukapoteza jioni nzima kwenye msongamano wa magari, tukafika tulipoalikwa chakula kimekwisha poa. Tafadhali laleni karibu na mnakotaka kula, hata kama chumba kitakuwa kidogo.

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Naandika kama mwenyeji. Ninaishi hapa tangu nizaliwe, na kusema kweli jiji hili huliona vizuri pale tu ninapopata mgeni. Mwaka jana alinijia rafiki kutoka Kitale aliyekuwa amefiwa na mumewe, na nilikuwa nimempangia maeneo sita kwa siku moja. Alipofika uso wake ulinionyesha kwamba mpango huo haufai. Tulikwenda msitu wa Karura peke yake, tukatembea polepole mpaka kwenye maporomoko ya maji. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipojaribu kupanda miti katika msitu huo, wakati ardhi yake ilipokuwa ikigawiwa wajenzi, na kwamba mwaka 2004 mama huyo alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kuna ekari moja ya marehemu mumewe ambayo hakuwa ametia mguu tangu mazishi. Usiku nilimpikia mukimo na kitoweo cha nyama. Masika yaliyofuata alinitumia picha za miche ya parachichi.

Mwanzisha mada, Mombasa

Mwalimu, mbaazi zikiwa kavu naziloweka usiku kucha, nazichemsha bila chumvi mpaka zilainike, ndipo natia tui jepesi, chumvi, kitunguu na pilipili mbichi. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, nami nakoroga ili lisikatike. Mahamri nayakanda kwa tui na iliki, yaumuke kabla ya alfajiri. Sasa napika hivyo viwili tu. Jumamosi iliyopita sufuria ilikuwa tupu saa tatu na nusu, na ile risiti ya Eastleigh nimeibandika ukutani, juu ya jiko.