Wauza risasi mtatuua! .30-06 za "boksi jipya" zinagoma chemba, lawama mnaitupia bunduki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina raifo ya .30-06 (ndiyo saizi ya risasi yake), ya bolti (lile komeo unalovuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi), mtindo ule wa Mauser wa 1898 wenye kucha ndefu ubavuni ya kunasa kitako cha risasi. Naimiliki kihalali mwaka wa 11 sasa, na haijawahi kunigomea. Mwezi uliopita niliishiwa risasi, nikaenda duka moja mjini (jina naliacha, wenyewe wanajijua), nikauziwa boksi la risasi 20. Boksi limezungushiwa selotepu. Nikauliza, "Mbona limefunguliwa?" Kijana wa kaunta: "Mzee wangu, tulikuwa tunahesabu mzigo tu." Nikalipa kama zoba.

Jumamosi niko porini na kibali changu, tumemkuta kongoni dume, mita kama 80, ametupa ubavu. Risasi ya kwanza ikatoka, ikampata nyuma kidogo ya pale nilipokusudia. Hilo kosa langu, sikatai. Nikavuta bolti, ganda likaruka, nikasukuma ya pili iingie chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Mkono wa bolti ukashuka nusu, ukagota. Nabonyeza, wapi! Kongoni huyoo anaingia kichakani. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye ananinong'oneza, "Piga mzee, piga basi!" Nipige na nini?

Sikuilazimisha. Nikaelekeza mtutu kwenye udongo laini, nikavuta bolti nyuma taratibu. Ganda likatoka, KICHWA, ile sehemu inayoruka kumpiga mnyama, KIKABAKI NDANI YA MTUTU. Baruti ikamwagika kwenye magazini (kiboksi cha risasi cha bunduki) na kwenye mtambo wa kifyatulio, chembe nyeusi kama majani ya chai. Sasa fikiria ningekuwa na papara, nikasukuma risasi nyingine nyuma ya kile kichwa kilichokwama, nikafyatua. Mtutu ungepasukia usoni kwangu, na leo mngekuwa mnachangia rambirambi.

Kuanzia hapo raifo yangu ikawa rungu. Tumefuata damu kwa muda wa saa tatu na nusu. Tone kwenye jani, halafu hakuna kitu, halafu tunaikuta imepakaa kwenye kichuguu alikojisugua. Aliyemmaliza ni askari, kwa bunduki yake. Mnyama ameteseka asubuhi nzima kwa ujanjaujanja wa mtu aliyekaa kwenye feni mjini.

Jumatatu nikaenda kwa fundi bunduki, mzee mmoja mwenye leseni yake na maneno machache. Akakisukuma kile kichwa kwa fimbo ya shaba kuanzia mdomoni mwa mtutu, kikatoka na michirizi ya mtutu shingoni, kumaanisha kilikuwa kimeshaanza kung'ang'ania mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Akaniambia nimwage risasi zote mezani. Akazigeuza vitako juu, akaguna.

Wakuu, kwenye vitako mna maandishi ya viwanda vinne tofauti! Boksi moja! Kapsuli (kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti) nyingine za rangi ya dhahabu, nyingine za fedha. Kwenye kingo za vitako mna mikwaruzo ya kucha za bolti, yaani ganda limeshapita kwenye bunduki ya mtu mwingine, likafyatuliwa, likaokotwa, likajazwa upya, likarudi dukani kama mwali. Kujaza upya peke yake sina ugomvi nako, wapo wanaofanya kazi safi kuliko kiwanda. Ugomvi wangu ni kuniuzia kwa bei ya mpya na kazi yenyewe ovyo.

Akaleta vernia, kile kipimo cha urefu. Risasi ya .30-06 nzima, kitako mpaka ncha, haitakiwi kuzidi milimita 84.84. Kati ya 18 zilizobaki, 11 zimezidi, ndefu kuliko zote ina 86.1. Na vichwa vyenyewe ni vile butu vya gramu 14, vinene mpaka karibu na ncha, kwa hiyo vinagusa mifereji mapema kuliko vyenye ncha kali. Magazini inazimeza bila shida, ndiyo maana hushtuki unapopakia. Tano nyingine urefu uko sawa, ila aliyezijaza amebana mdomo wa ganda kwa nguvu mpaka bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, likavimba. Kwa macho huoni kitu. Ukizitia kwenye geji, kipimo chenye umbo la chemba, zinagoma. Zilizopona ni mbili. Mbili!

Najua kuna watakaokuja na "safisha chemba mkuu" na "wewe unavuta bolti nusunusu". Chemba fundi ameikagua kwa tochi, inang'aa. Midomo ya magazini haijapinda, springi inasukuma. Ukivuta bolti nusunusu, risasi haipandi kabisa toka kwenye magazini, yangu ilipanda na kuingia. Na sina ile tabia ya kudumbukiza risasi chemba kwa kidole halafu unaibamizia bolti, kwa mtindo huu wa Mauser unaiumiza kucha. Fundi aliweka risasi tano za kiwanda alizokuwa nazo, bolti ikateleza kama mlenda.

Nikarudi dukani. Mwenye duka mwenyewe, bila hata kunikaribisha kiti: "Mzee, bunduki yako imechoka. Halafu risasi ikishatoka hapa hairudi. Ikigoma, ipige bolti na kiganja, itaingia tu." NIPIGE NA KIGANJA! Mtu ana leseni ya kuuza risasi anakushauri ulazimishe kichwa kilichojichomeka kwenye mifereji, presha ipande, halafu utajua mwenyewe. Nilimwonyesha vipimo vya fundi, akasema vernia za Kichina zinadanganya.

Risasi si nyanya kwamba leo umeuziwa mbovu kesho unahamia meza ya pili. Unaandikiwa kwenye kitabu, una idadi yako, na maduka yenyewe ya kuhesabu.

Nataka hela yangu, zote 20, ikiwemo ile iliyotoka. Malalamiko kwa maandishi nimeshapeleka polisi kwenye dawati la silaha pamoja na karatasi ya fundi, nimeambiwa nirudi Alhamisi. Zile 18 ziko kwenye kopo lenye kufuli, hazitaingia kwenye bunduki yoyote.

Kama kuna mwenzangu aliyeuziwa boksi la selotepu mwaka huu, zimwage mezani usiku huu, geuza vitako juu, uniambie umeona viwanda vingapi.