Mrejesho: matairi ya Premio, nimebaki na saizi ya kiwandani

Wakuu, niliuliza kama naweza kutoa matairi ya saizi 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15) kwenye gari langu, Toyota Premio, nikafunga 205/65R15 ili gari inyanyuke kidogo. Shukrani kwa mlioniambia nipige hesabu kwanza. Kimo cha tairi la zamani ni milimita 634.5, hilo lingine 647.5. Gari ingenyanyuka nusu ya tofauti hiyo, milimita 6.5 tu, halafu mshale wa spidi ukisoma 100, kumbe unakimbia 102. Kwa faida ndogo hivyo, sikuona sababu ya kukaribisha tairi kukwaruza fenda nikikata kona gari limejaa watu.

Nimefunga 195/65R15 91H, ya lami. Hiyo 91 maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 615, na H ni mwendo hadi kilomita 210 kwa saa (wa kwenda wapi, sijui). Muuzaji alianza kunitolea yenye namba 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yanang'aa kweli, lakini mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Nikayakataa. Upepo nimejaza kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni, si kile kikubwa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) bado, nasubiri mshahara.