Yah: Likizo ya pamoja Zanzibar, kila mkwe ana bei yake

Kutoka: Bremen

Ndugu wanajumuiya, habari za huko mliko.

Familia yetu inataka kukutana Zanzibar mwezi wa nane mwakani, hotelini, usiku saba. Tuko kaya nne: Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na Marekani, na kila kaya ina mkwe wa huko huko. Hoteli ni ile ile moja, lakini kila mtu kaja na bei yake. Mjerumani kaleta euro 1,750. Mmarekani kaleta dola 240. Mwingereza anasema yeye anatakiwa atoe pauni chache tu kwa sasa. Mholanzi anasema ngojeni mwezi wa tano. Maneno yameshaanza, fulani mchoyo, fulani anajionyesha. Wenye kuijua kazi hii, tufafanulieni kila mmoja anahesabu nini, ili tuweke bajeti moja.

Kutoka: Hamburg

Dada wa Bremen, salamu. Hapo hamna mchoyo. Kila mtu anahesabu jinsi mshahara wake, likizo yake na sheria ya nchi yake zilivyomzoesha. Nianze na Mjerumani, maana upande huo ndio kazi yangu.

Hiyo euro 1,750 karibu hakika ni bei ya mtu mmoja anayelala chumba cha wawili, ndege ikiwemo, gari la kutoka uwanja wa ndege likiwemo, kifungua kinywa na chakula cha usiku vikiwemo. Vinywaji vya mezani usiku, hata maji ya chupa, kwa kawaida havimo. Kampuni za huku hutangaza bei ya mtu, hazitangazi bei ya chumba. Lakini hoteli inauza chumba, kwa hiyo anayelala peke yake hutozwa nyongeza. Kama kuna mama mkwe mjane anayekuja peke yake, yeye ndiye atakayelipa ghali kuliko wote kwa kichwa, na familia nyingi huligundua hilo siku ya kulipa. Ulizeni sasa.

Malipo huenda kwa hatua. Kabla ya kutoa senti, Mjerumani husubiri hati iitwayo Sicherungsschein, uthibitisho kwamba kampuni ikifilisika fedha zake zitarudi. Akiipata hulipa kianzio, mara nyingi asilimia 20, na salio kama siku 30 kabla ya safari. Kampuni ya FTI ilipofilisika Juni 2024, walionunua kifurushi kizima walirudishiwa kupitia mfuko wa dhamana, DRSF. Walionunua chumba peke yake hawakuwa na kinga hiyo. Ndiyo maana shemeji atang'ang'ania kununua ndege na hoteli kwa pamoja hata ukimwonyesha kwamba akivitenganisha anaokoa euro mia. Msimlazimishe. Anachonunua kwa hiyo mia ni dhamana.

Kifurushi kina kinga nyingine kwa sheria ya Umoja wa Ulaya: kampuni ikipandisha bei baada ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 8, mteja anaweza kujitoa bila faini, na haiwezi kupandisha hata kidogo zikiwa zimebaki chini ya siku 20.

Soma pia karatasi vizuri kwenye siku. Safari ya "siku 9" inaweza kuwa usiku 7 hotelini, kwa sababu usiku mmoja mnaumalizia angani na siku moja inaishia viwanjani. Kaya nyingine zikihesabu usiku na yeye akihesabu siku, mtakodi gari la matembezi siku ambayo yeye hajafika.

Kutoka: Leeds

Shikamooni wakubwa. Nichangie upande wa Uingereza.

Zile "pauni chache" ni kianzio. Kampuni za huku hupenda kuchukua kidogo kwa kila kichwa mwanzoni, kisha mteja hulipa kidogo kidogo kila mwezi, na salio lote linatakiwa wiki kadhaa kabla ya safari, mara nyingi kati ya 8 na 14. Kwa hiyo Mwingereza anaonekana mwepesi wa kukubali mwezi wa kumi, halafu mwezi wa tano ndipo mzigo unamshukia. Mkipanga tarehe ya kuchanga fedha za boti au karamu ya familia, msiiweke wiki ile ile.

Kifurushi chenye ndege kinatakiwa kije na cheti cha ATOL, kinga ya Uingereza ya fedha za msafiri kampuni ikifilisika. Akisema kalipa, mwambieni afungue barua pepe aone kama cheti kimo na majina yote yamo.

Kuna kinga ya pili ambayo Waingereza wenyewe wengi hawaitumii vizuri: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974. Kitu kimoja kikiwa na bei inayozidi £100 na isiyozidi £30,000, na ukakilipia moja kwa moja kwa muuzaji kwa kadi ya mkopo, benki inawajibika pamoja naye. Hata ukilipa kianzio tu kwa kadi hiyo, kinga inafunika bei nzima. Inaweza kukatika pale katikati anapoingia mpokeaji mwingine wa fedha, kwa mfano tovuti inayopokea kwa niaba ya hoteli. Kadi ya kawaida ya benki haina kifungu hiki.

Na msishangae mkwe wa Kiingereza akikataa tarehe za nje ya likizo ya shule. England, tangu Agosti 2024, kumtoa mtoto shuleni bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya £80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, la sivyo £160. Kwa wazazi wawili na watoto watatu hiyo ni £480 kwa uchache. Agosti ni ghali Zanzibar, lakini kwake hesabu inaweza kufika pale pale.

Jambo la mwisho: familia za huku hupenda mpango wa kila kitu ndani, chakula na vinywaji. Sababu ni kwamba mzazi anajua gharama yote kabla hajaondoka nyumbani. Mkiwachanganya na waliolipia kifungua kinywa peke yake, mezani usiku mmoja ataagiza bila kufikiri na mwingine atakuwa anasoma bei. Afadhali kaya zote zichukue mpango mmoja wa chakula.

Kutoka: Rotterdam

Kuhusu "ngojeni mwezi wa tano": Uholanzi mwajiri analazimika kisheria kumlipa mfanyakazi fedha za likizo, si chini ya asilimia 8 ya mshahara wake wa mwaka, na wengi huzipokea mwezi wa tano. Huanza kujikusanya Juni ya mwaka uliotangulia. Mholanzi mara nyingi huchagua safari Januari na kuilipa Mei. Aliyebadilisha kazi katikati ya mwaka alishalipwa sehemu yake siku ya kuondoka, basi Mei yake itakuwa nyembamba. Muulizeni kwa upole kabla hamjamtegemea.

Halafu hesabu ya Tikkie, programu ya simu ya kudaiana malipo. Hapa mtu akilipia chakula cha watu sita, jioni ile ile anawatumia wote kiungo cha kulipa, kila mmoja kwa alichokula. Kwetu sisi inaonekana kama anadai kaka zake sahani ya wali. Kwao ni adabu, deni halilali. Dawa ni mfuko mmoja wa familia unaochangwa kabla ya safari, wa matembezi, bakshishi na karamu, na mtu mmoja anayeandika kila kilichotoka.

Kutoka: Minneapolis

Dola 240 ni bei ya chumba kwa usiku mmoja. Ndege haimo, chakula cha usiku hakimo, na pengine kodi nazo hazimo. Mmarekani amekulia katika bei za namna hiyo, ambapo kodi na ada ya hoteli huongezwa mwisho. Tangu 12 Mei 2025 kanuni ya tume ya biashara, FTC, inataka bei ya malazi itangazwe pamoja na ada zote za lazima, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuja baadaye.

Tatizo kubwa zaidi la Mmarekani Zanzibar ni chumba chenyewe, na hapa nawaomba mwe makini. Hoteli ya kawaida Marekani ina chumba chenye vitanda viwili vipana, na watu wanne hulala humo kwa bei moja. Mkwe akiona 240 anadhani ni ya familia yake yote. Hoteli nyingi za pwani yetu zina kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo, na chumba ni cha watu wawili, pengine na kitanda cha ziada kwa mtoto mmoja. Familia ya watu wazima wanne inahitaji vyumba viwili. Kwenye tovuti akiandika "wageni 2" ili aone bei kisha akaja na wanne, mapokezi watamdai chumba cha pili kwa bei ya siku hiyo, kama kipo. Agosti huenda kisiwepo.

Likizo yake pia ni fupi. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimu mwajiri kutoa likizo yenye malipo, hivyo wengi wana siku chache na hulipa zaidi kwa ndege yenye vituo vichache. Msimhukumu kwa nauli. Wengi hulipia ndege kwa pointi za kadi, kwa hiyo akisema "nimelipa dola 90" hizo ni kodi za tiketi tu, msizitumie kama kipimo cha wengine.

Viza ya Tanzania kwa pasipoti ya Marekani ni dola 100, wakati wengi wengine hulipa 50. Wazazi wenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee wa Marekani, wajue kwamba kwa kawaida haifuniki matibabu nje ya Marekani. Na aangalie kama kadi yake inatoza malipo ya nje, nyingine huchukua mpaka asilimia 3.

Kutoka: Muscat

Assalam alaykum. Niongeze la fedha, maana sarafu ndiyo inayowachanganya.

Kwa miaka mingi hoteli nyingi za Zanzibar zimekuwa zikipanga bei zao kwa dola. Riali ya Omani imefungwa kwa dola, riali moja ni karibu dola 2.60, kwa hiyo sisi huku bei ya Januari na ya Agosti ni ile ile. Anayelipwa kwa euro au pauni hana uhakika huo. Akinunua kifurushi kwa euro, bei imeshashikwa. Akiahidi kulipa hotelini bei iliyopangwa kwa dola, anabeba mwenyewe mabadiliko ya miezi yote hiyo.

Mashine ya kadi ikiuliza mlipe kwa sarafu ya nyumbani au ya bili, chagueni ya bili. Ukichagua ya nyumbani, kiwango kinapangwa na mwenye mashine na huwa kibaya. Hoteli nyingine huongeza asilimia kadhaa kwa kadi, ulizeni kabla. Mkibeba taslimu, noti za dola ziwe safi na mpya. Zilizochapishwa kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa.

Familia za Ghuba huwa hazihesabu kwa kichwa. Hukodi nyumba nzima yenye jiko, hupika wenyewe, hualika jamaa. Kwa kaya nne zenye watoto wengi, ulizeni bei ya nyumba kabla hamjafunga mjadala wa vyumba.

Kutoka: Hamburg

Sheikh wa Muscat kasema kweli. Sasa tuweke kipimo kimoja: kaya nzima, kwa dola, mpaka hotelini na chakula cha usiku, nauli pembeni.

Mfano wa kaya ya Marekani, watu wazima wanne. Vyumba viwili kwa dola 240 kwa usiku 7 ni 3,360. Chakula cha usiku, tuseme dola 25 kwa mtu, ni 700. Gari kwenda na kurudi, tuseme 100. Viza 400. Bima ya lazima ya Zanzibar, inayotozwa wageni tangu 1 Oktoba 2024 kwa dola 44, ni 176, na bima ya nyumbani haiondoi wajibu huo. Jumla 4,736 kabla ya ndege. Ile 240 imefika hapo. Kwa Mjerumani, zidisha 1,750 kwa watu, toa nauli ya wakati huo, geuza kwa dola, ongeza viza na bima. Mwenye pasipoti ya Tanzania halipi viza.

Msitegemee bei ya wakaazi kwa sababu tu nyumbani ni Ng'ambo ya Unguja au Tanga. Hoteli huomba kitambulisho au kibali cha ukaazi, na aliyechukua pasipoti ya Ulaya hutozwa kama mgeni.

Kabla mtu yeyote hajalipa, mmoja wenu aiandikie hoteli barua moja kwa niaba ya kaya zote:

"Tunaomba bei ya vyumba hivi kwa tarehe hizi, kwa dola, kodi zote zikiwemo. Kuna kodi yoyote ya kila usiku inayolipwa taslimu mapokezi, na ni kiasi gani? Chumba kinaruhusu watu wangapi, na mtoto anahesabiwa mkubwa kuanzia umri gani? Chakula kipi kimo, na vinywaji? Mnaongeza asilimia ngapi kwa kadi? Mwisho wa kufuta bila faini ni tarehe gani?"

Jibu likija, tarehe hiyo ya mwisho ilinganisheni na siku ya salio la Mwingereza na Mei ya Mholanzi. Hoteli ikitaka fedha zote mwezi wa nne, ombeni sasa isogezwe hadi Juni. Kwa vyumba vingi namna hiyo, meneja huwa anasikiliza.