Agatha Christie anachakachuliwa na sisi tunakaa kimya

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita nimegombana na mdogo wangu wa kike mbele ya wageni, ugomvi wa kweli, kwa sababu ya riwaya ya Agatha Christie, mama Mwingereza mtunzi wa hadithi za upelelezi aliyefariki Januari 1976. Mimi nilisema muuaji kwenye Ordeal by Innocence ni fulani. Yeye akasema kaka, umechanganya, ni mtu mwingine kabisa. Nikaapa, naye akaapa. Nikamwambia kitabu nimekisoma mara mbili, nakala yangu niliinunua kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, haina hata jalada. Akanijibu kwamba yeye ameona kwa macho yake mawili, sehemu zote tatu, ile tamthilia ya BBC ya 2018. Chai ilipoa mezani tukiwa bado tunabishana. Usiku nikakaa nikaitazama mwenyewe, na nikakuta hakuna aliyekuwa muongo kati yetu. Waliotengeneza tamthilia ile wamembadilisha muuaji.

Narudia kwa aliyepita haraka: wamembadilisha MUUAJI. Kwenye riwaya ya upelelezi!

Sitawataja wauaji kwa majina kwenye uzi huu. Humu kuna watu hawajasoma, na sitaki kumnyang'anya mtu raha ambayo mimi niliipata. Lakini lazima niseme kilichonikera.

Kitabu hicho kimetoka 1958. Kijana wa familia moja tajiri anahukumiwa kwa kumuua mama aliyemlea, anafungwa, anafia gerezani. Miaka miwili baadaye anatokea mtu mmoja aliyekuwa nje ya nchi, anathibitisha kwamba saa ya mauaji kijana yule alikuwa naye garini. Yaani hakuua. Familia badala ya kufurahi inaingiwa na hofu, maana kama si yule marehemu, basi muuaji ni mmoja wetu tunaokula naye. Kila mtu anaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, na wasio na hatia ndio wanaoumia kuliko mwenye hatia. Na ukifika mwisho unaona kwamba kilichofanya mauaji yale yatokee kimefungwa fundo na tabia ya yule kijana aliyekufa. Ukimtoa muuaji wake ukaweka mwingine, fundo limekatika, na kurasa zote zilizotangulia zinabaki maneno matupu.

Hilo ndilo hawa waongozaji hawataki kulielewa, au wanalielewa na hawajali. Hadithi ya aina hii inasukwa kuanzia mwisho. Mtunzi anajua nani kaua kabla hajaandika sentensi ya kwanza, halafu anarudi nyuma kupanda vidokezo: neno moja hapa, saa iliyosimama pale, mtu aliyecheka wakati usiofaa. Ukishajua jibu unarudi ukurasa wa 30 unakuta kila kitu kilikuwa mbele ya macho yako. Ukambadilisha muuaji, vile vidokezo vyote vinakuwa havimwelekei mtu.

Wala si mara moja. Mwaka 2004 ITV, televisheni ya Uingereza, walianza mfululizo wao wa Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa Christie, na kitabu cha kwanza walichokishika, The Body in the Library cha 1942, wakabadilisha mmoja wa wauaji. Halafu wakaona vitabu vya Miss Marple havitoshi. Ni riwaya 12 tu, kweli, lakini suluhisho lao likawa kumchomeka yule bibi kwenye vitabu ambavyo hayumo kabisa! By the Pricking of My Thumbs ni kitabu cha Tommy na Tuppence, mke na mume. Wakamwingiza Miss Marple. Towards Zero, wakamwingiza. Hata hiki hiki cha Ordeal by Innocence walishamwingiza 2007, kabla BBC hawajaja kukimalizia. Mtu anakaa kwenye kochi anaamini anamwangalia Christie.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Kati ya 1961 na 1964 zilitengenezwa filamu nne za Miss Marple, mhusika mkuu akiwa Margaret Rutherford. Mbili kati ya hizo zimetokana na vitabu vya Poirot, mpelelezi mwingine wa Christie, si vya Marple, na ya nne haina kitabu chochote, wameitunga wenyewe. Christie alikuwa hai na hakupendezwa. Rutherford mwenyewe Christie alimheshimu, mpaka akamtunukia kitabu mwaka 1962, kwa hiyo simlaumu yule mama mwigizaji. Nawalaumu walioandika.

Sasa tuje kwa Poirot, maana hapa ndipo damu inapochemka zaidi.

Poirot anaingia kwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha 1920, The Mysterious Affair at Styles. Ni mkimbizi kutoka Ubelgiji, amehifadhiwa kijijini Uingereza pamoja na wenzake kwa hisani ya mama mmoja mwenye nyumba kubwa. Christie aliwaona wakimbizi wa namna hiyo mjini kwao Torquay wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ndipo wazo likamjia. Na ni mkimbizi mzee kidogo: alikuwa askari wa upelelezi mwenye sifa kwao, ameshastaafu. Mtu mzima aliyepoteza nchi, nyumba na cheo, akaanza upya ugenini na hakuacha kupiga pasi nguo zake wala kuzitunza sharubu zake. Kwetu ukanda huu watu wanajua mkimbizi ni nini. Mimi ndicho kilichonifanya nimpende. Zile sharubu hazihitaji maelezo, ni heshima ya mtu aliyebaki na kitu kimoja anachoweza kukitawala.

Filamu ya Kenneth Branagh ya 2022, Death on the Nile, inaanzaje? Poirot ni mwanajeshi kijana kwenye mahandaki ya 1914. Analipukiwa, anabaki na kovu usoni, mpenzi wake nesi anamwambia afuge sharubu zifunike kovu. Eti ndiyo sababu! Na BBC, mwaka huohuo wa 2018 uliotugombanisha nyumbani, kwenye The ABC Murders wakamfanya Poirot kuwa alikuwa padri, upolisi wake ni uongo. Padri, wakuu. Mzee wa watu amefanya kazi ya upelelezi kwenye riwaya 33 na hadithi fupi zaidi ya 50, anakuja mtu anafuta kazi yake yote ya ujana kwa sababu anaona bila jeraha la moyoni watazamaji hatutamwelewa.

Na ile ya treni, Murder on the Orient Express ya Branagh ya 2017. Kitabuni treni imekwama kwenye theluji, na Poirot anatatua kesi kwa kukaa, kuuliza na kufikiri. Hapo ndipo ilipo nguvu yake yote, kwamba hakuna pa kwenda. Branagh akaona haitoshi, akamtoa nje amkimbize mtu kwenye daraja la mbao, baadaye akapigwa na risasi begani. Hebu fikirieni mtu amchukue Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, amnyang'anye kiko chake, amwondoe rafiki yake Najum, ampe bastola arukeruke juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Tungekubali? Wazee wetu wa Unguja wangekubali?

Tukirudi kwenye mto Nile, ambao angalau unaanzia huku kwetu, filamu ya 1978 walikwenda Misri wakapiga picha palepale, unaliona jua na mawe yenyewe. Hii ya 2022 wamejenga meli studio Uingereza na Misri karibu yote wameichora kwa kompyuta. Wamemleta Bouc, rafiki yake wa kwenye treni, ambaye kitabuni hayumo, kisha wakamuua yeye badala ya mtu anayeuawa kwenye kitabu. Na kile kichupa cha rangi ya kucha, kidokezo kidogo kinachompita kila msomaji, kimeondolewa na mahali pake ikawekwa rangi ya mchoraji. Kwa nini? Kile kichupa kilikuwa na kosa gani?

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni Hallowe'en Party, kitabu cha 1969. Wengi wanakidharau, wanasema ni cha uzeeni. Mimi nakipenda. Binti wa miaka 13, Joyce, anasema mbele ya watu kwamba aliwahi kuona mauaji. Wanamcheka, maana anajulikana kwa uongo. Saa chache baadaye anakutwa amezamishwa kwenye ndoo ya maji ya ule mchezo wa kunyakua matofaa kwa meno. Mtoto aliyesema, wakubwa wakampuuza, akafa. Nina binti wa umri huohuo na sikulala vizuri baada ya kusoma sura ile. Filamu ya Branagh ya 2023, A Haunting in Venice, imechukua jina la Joyce ikampa mama mtu mzima mpandisha mizimu, ikahamisha kila kitu kwenda Venice, ikaweka vivuli na makelele ya kushtua. Yule mtoto hayupo tena. Hakuna aliyepuuzwa.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme Christie mwenyewe alikuwa anabadilisha. Ndiyo, alibadilisha. And Then There Were None ya 1939 alipoigeuza mchezo wa jukwaani 1943 aliupa mwisho mwingine, na filamu nyingi zimefuata ule wa jukwaani. Witness for the Prosecution nayo aliiongezea mwisho ilipopanda jukwaani. Lakini nyumba ni yake, akitaka kuhamisha mlango anajua ukuta upi unabeba paa. Na walipotokea watu wenye adabu, kama Wasovieti walioitengenezea filamu And Then There Were None mwaka 1987, waliufuata mwisho wa kitabu, mchungu vilevile kama ulivyo, na filamu inatisha mpaka leo bila kuongezewa kitu.

Wala sisemi mtu asiguse hata koma. Mwongozaji Billy Wilder, kwenye filamu yake ya Witness for the Prosecution ya 1957, alimwongezea yule wakili nesi msumbufu na ugonjwa wa moyo, na nikacheka, nikafurahi, kwa sababu fundo la hadithi aliliacha lilivyo. David Suchet ameigiza Poirot vipindi 70, kuanzia 1989 hadi 2013, na kwa kiasi kikubwa nampigia saluti, ingawa hata humo kuna Appointment with Death ambayo wameihamisha kutoka Petra, wakaongeza mtawa anayeuza wasichana, wakagusa hadi wauaji. Ile sijaisamehe.

Ninachodai ni kidogo. Ukimbadilisha muuaji, andika mwanzoni kwa herufi kubwa kwamba umembadilisha, na usiweke jina la kitabu. Tunga lako, liite jina lako, nitakuja kulitazama kwa moyo mweupe.

Mdogo wangu nimempa kitabu tangu Jumatatu. Yuko ukurasa wa 90 na bado hanisemeshi vizuri.

Mwenye seti ya Joan Hickson, zile za BBC za 1984 hadi 1992 zenye riwaya zote 12 za Miss Marple, anijulishe hapa bei yake. Nipo Dar, ninaifuata popote.