Kadi ya maktaba Kampala: nani atamdhamini fundi wa Katwe?

Fundi_Katwe
Habari za humu wakuu. Mimi nasuka mota hapa Katwe: za pampu, za mashine za kusaga, chochote kilichoungua kinaletwa. Kazi nimeijua kwa mkono. Hesabu za mizunguko na unene wa waya nilizikariri kwa mzee aliyenifundisha, na sasa nataka nizisome mwenyewe nijue zinatoka wapi. Binti yangu naye yuko S2 (kidato cha pili), ana Kiswahili shuleni, na kitabu cha darasa wanagombania kama samaki wa mwisho sokoni.

Nimeingia maktaba moja ya umma hapa mjini. Kusoma mle mle ndani hawana neno. Ila kutoka na kitabu ni lazima kadi, na kadi inataka fomu, picha mbili za pasipoti, na mdhamini "mwenye ajira inayoeleweka". Jamani, mwajiri wangu ni mimi! Wanaonijua ni wenye mashine za posho na vijana wa bodaboda. Ndagamuntu yangu yenyewe, yaani kitambulisho cha taifa, inasema Tororo, siyo Kampala. Mliopata kadi mkiwa watu wa kujiajiri, mlipitia wapi?

Mkutubi_Mstaafu
Fundi, pole na kazi. Nimekaa kwenye dawati la kuazimisha mpaka nikastaafu, huku mashariki, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Kwanza, usitafute kadi ya Uganda nzima, haipo. Zamani maktaba za umma zilikuwa chini ya Bodi ya Maktaba za Umma, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikazikabidhi kwa wilaya na miji. Ile ya 2003 ikaleta Maktaba ya Taifa, ambayo inazisaidia kwa vitabu na mafunzo, lakini mwenye kuziendesha ni halmashauri ya mahali. Ndiyo maana mtu wa Mbale atakuapia kwamba hakuna mdhamini, wa Jinja akuapie kuna, na wote wawili wasiwe waongo. Uliza palepale unapotaka kuazima.

Sasa mdhamini. Maktaba haitafuti tajiri. Inatafuta mtu ambaye siku ukitoweka na kitabu, mkutubi anajua mlango wa kugonga. Mwalimu mkuu wa binti yako anafaa kabisa. Imamu au padri wako pia, kama ana muhuri. Nenda nao ukaulize kwa upole: "Huyu mtamkubali?" Mimi fomu za namna hiyo nilizipokea nyingi, na za walimu ndizo zilizonipa usingizi.

Tororo isikutishe. Ndagamuntu inasema wewe ni nani. Unakolala sasa atasema mwenyekiti wa LC1, lile baraza la mtaa, wa mtaa wako wa leo, kwa barua yenye muhuri. Binti ni mdogo, fomu yake utatia saini wewe, kwa hiyo anza na yako.

Zahara_Bombo
Hayo yote sawa, lakini muulize na habari ya dhamana! Mimi nililipa pesa ya dhamana maktaba fulani, siitaji, nikaambiwa nikirudisha kadi narudishiwa. Nilipohama nikapeleka kadi, na risiti mkononi. Aliyepokea hela keshahamishwa, mpya anasema pesa iliingia kwenye akaunti ya mji, niandike barua kwa karani wa mji. Nikaandika. Hadi leo kimya. Bora kusoma mle ndani.

Mkutubi_Mstaafu
Dada Zahara, hapo huna kosa. Pesa ikishaingia akaunti ya halmashauri, mkutubi hana funguo. Peleka nakala ya pili ya barua na udai muhuri wa "imepokelewa" juu yake, maana isiyo na muhuri ni rahisi kusema haijafika. Na wewe fundi, uliza kabla ya kulipa: hii ni ada au ni dhamana? Risiti iandikwe neno lenyewe.

Mwalimu_Busia
Kuhusu binti: usitarajie rafu ndefu ya Kiswahili. Vitabu vingi vya maktaba zetu ni vya msaada, Book Aid International ya Uingereza ikiwa mmojawapo wa watoaji, na vingi ni vya Kiingereza. Kwa mota zako hiyo ni bahati, kwa binti si bahati sana. Mwambie aulize kwa mkutubi, asiishie kutazama rafu. Vya Kiswahili mara nyingi ni vichache na vimewekwa pembeni.

Mwenye ndugu vijijini asisahau maktaba za jamii, kama ile ya Kitengesa karibu na Masaka. Kijijini mdhamini si shida, wanajuana kwa majina ya babu.

Fundi_Katwe
Mwalimu mkuu! Na pampu ya shule ile niliisuka mimi, hawezi kuninyima. Nikishapata kadi, kuna mitego gani mingine?

Mkutubi_Mstaafu
Mmoja mkubwa. Maktaba nyingi bado zinatumia kadi za karatasi. Ndani ya jalada la nyuma kuna kimfuko, na ndani ya kimfuko kadi ya kitabu. Ukiazima, kadi hiyo inabaki dawatini pamoja na tiketi yako ya uanachama, na tarehe ya kurudisha inagongwa muhuri kwenye karatasi iliyobandikwa kitabuni. Ukirudisha, usigeuke kwenda zako mpaka umeona kadi ya kitabu inarudi kwenye kimfuko na tiketi yako iko mkononi. Foleni ikiwa ndefu utaambiwa "weka tu hapo". Usiweke tu hapo. Mwezi ujao utadaiwa kitabu kilichokaa rafuni.

Muda ukikaribia na hujamaliza, nenda na kitabu chenyewe uongezewe kabla tarehe haijapita. Kama hakuna anayekisubiri, hawakatai. Kadi usimwazime mtu, hata shemeji. Majedwali ya waya yanakili kwenye daftari, usipige mistari kitabuni, na osha grisi kwanza, maana vitabu vya ufundi huwa tunajua aliyevisoma kwa alama za vidole.

Na kwa LC, mwambie aandike jina lako kama lilivyo kwenye ndagamuntu, herufi kwa herufi. "Fundi" asiandike.