Setilaiti haidanganyi?! Kanihamishia choo kwa jirani kwa SIMU!

Wakuu, mpima ardhi ndiyo kwanza kaondoka, mikono bado inanitetemeka. Ni yuleyule, mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Kaja kupima mpaka na simu. SIMU! Antena hana, tripodi hana. Kasimama chini ya mti mkubwa, ubavuni mwa ukuta wa mabati, kainua mkono juu, halafu mbele ya jirani yangu akatamka: "Choo chako kiko kwa mwenzio. Setilaiti haidanganyi."

Haidanganyi! Setilaiti ya GPS iko karibu kilomita 20,200 juu. Mawimbi yakishuka yanacheleweshwa na anga, yanagonga mabati, yanadunda, ndipo yaingie kwenye hicho kisimu. Na umbali unahesabiwa kwa muda wa safari ya mawimbi: saa ikikosea sekunde moja ya bilioni tu, sentimita 30 zimekwenda. Hata penye uwazi kabisa simu hukosea karibu mita 5, na choo changu hakifiki mita 2! Kwa kipimo chake kiko kwangu, kwa jirani na barabarani kwa mpigo.

Mpima wa kweli anaweka kipokezi kimoja kwenye alama inayojulikana, kinatuma masahihisho kwa kile anachotembea nacho, anasubiri "fiksi" ikamate, yaani kipokezi kiwe na uhakika na hesabu yake, anapata sentimita 2. Huyu hata kupumua hakusubiri. Na mbele ya jirani! Jirani keshaleta kamba!

Nyundo: Ulimlipa? Basi kigingi ni wewe.

MtoaMada: Nusu. Lakini MBELE YA JIRANI, jamani!

BikoniChuma: Afadhali wako. Wangu alikuja na RTK kamili, hivyo vipokezi viwili vya masahihisho, kioo kinasoma "float", yaani fiksi bado haijakamata, akasema inatosha. Ukuta wangu umepinda kama mkia wa mbwa.

Mchoraramani: Nyote hamjagusa datumu, yaani msingi ambao vipimo vyote vya ramani vinahesabiwa kutoka kwake. Ramani ya zamani ina yake, kipokezi kinasoma WGS 84, datumu ya GPS. Asipogeuza, kiwanja kizima kinaweza kuhama mamia ya mita.

Nyundo: Mamia? Basi choo kimeshahamia kijiji kingine, mfuate na ndoo.

Pembeni4: Wangu alipima vizuri sana, ila kang'oa vigingi usiku, eti sijammalizia hela. Hii inashtakiwa wapi?

BikoniChuma: Wangu naye alitishia hivyohivyo! Usimpe hela yote kabla hujashika ramani.

MtoaMada: Turudi kwenye mada, jirani anachimba!

Pembeni4: Jirani yupi tena? Mimi nauliza vigingi.