Siku ya kwanza darasani: nianzie wapi na watoto 112 wa Darasa la Kwanza?

Mwalimu Mgeni
Shikamooni walimu wangu. Nimehitimu ualimu wa Daraja la III A, na wiki iliyopita niliripoti katika kituo changu cha kazi, shule ya msingi ya kijijini mkoani Simiyu. Jumatatu nitaingia Darasa la Kwanza nikiwa peke yangu, bila mkufunzi kuketi nyuma kama wakati wa mazoezi ya kufundisha. Andalio la somo ninalo na zana nimetengeneza. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba rejista ina majina 112, ilhali uwiano unaokubalika ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na wengi wao nyumbani huzungumza Kisukuma tu, lugha ambayo mimi niliyekulia Lindi sijui hata salamu yake. Mwenzangu mmoja hapa ananishauri niingie na fimbo ili waniogope mapema. Je, kipindi cha kwanza cha dakika 30 nikitumieje?

Bibi Mwalimu
Marahaba, mwanangu. Darasa hilo nililifundisha miaka 19 kabla ya kustaafu. Andalio liweke mezani, lakini siku hiyo usitegemee kulimaliza. Mtoto huyo ameachana na mkono wa mama yake asubuhi hiyo hiyo. Hajui choo kiko wapi wala kengele ikilia afanye nini, na ukimtisha kabla hajayajua hayo, atabana haja mpaka ajichafue, wenzake wamcheke, na kesho asirudi. Kwa hiyo, kabla ya herufi yoyote, watoe nje kwa mistari ukawaonyeshe vyoo na mahali pa kunawa mikono.

Majina 112 huwezi kuyashika kwa siku moja. Mimi nilikuwa nachora madawati kwenye karatasi na kuandika jina la kila mtoto pale alipoketi, kisha jioni naisoma karatasi ile chumbani hadi taa izimwe.

Mwenyeji wa Maswa
Mwalimu, ingia useme "Mwangaluka", nao watakuitikia darasa zima. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia na ni haki yao kukijua, ila siku ya kwanza kiambatane na vitendo: inua kitabu, sema "kitabu", waache warudie. Waliopitia darasa la awali wachanganye na wengine ili wawasaidie wenzao. Waambie pia waje na vizibo vya soda vya kuhesabia.

Mwalimu wa Taaluma
Kuhusu fimbo, nakusihi usiiguse. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule mamlaka ya adhabu ya viboko, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Haviruhusiwi kuzidi vinne, na lazima viandikwe kitabuni. Mwalimu mpya anayeingia na fimbo anavunja kanuni kabla hajafundisha neno. Wingi huo wa watoto tumeuzoea wengi wetu tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu mapema awagawe katika mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana.

Mwalimu Mgeni
Ahsanteni sana. Mwalimu mkuu amekubali mikondo miwili kuanzia wiki ya pili. Karatasi nimekwisha kuichora: madawati ni 31, kwa hiyo mengi yatakaliwa na watoto wanne. "Mwangaluka" nimefundishwa na mama mwenye nyumba wangu, ambaye amenisahihisha mara tatu.